Nani huandika sheria ya dawa zetu, Nairobi ama Geneva?

Wengi mliomba maandishi ya mazungumzo niliyotoa Jumamosi kwenye ukumbi wa Kaloleni. Haya hapa. Nimeyakata vipande ili yasomeke kwa simu. Sheria ya uzi huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja.

1.

Hamjambo wazee wetu, kina mama na vijana. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja.

Niliombwa nizungumzie jambo ambalo hurudi kila msimu wa siasa. Mtu anapanda jukwaani, anashika maiki, anasema: "Sheria za afya za Kenya haziandikwi hapa. Zinaandikwa Geneva." Watu wanapiga makofi. Wiki inayofuata mwingine anaulizwa mbona dawa ni ghali, naye anajibu: "Mikono yetu imefungwa. Tulitia sahihi mikataba." Huyo pia anapigiwa makofi.

Mmoja anawalaumu wageni, mwingine anajificha nyuma yao. Lakini ukizisikiza hoja zote mbili, mwisho wake ni mmoja: wewe mkazi wa Kayole ama Dandora huna la kufanya, rudi nyumbani. Mimi nasema si kweli, na nitawaonyesha kwa kesi iliyoanzia hapa hapa nchini.

Niseme wazi, mimi si wakili wala daktari. Ni mtu wa kamati ya kituo cha afya cha mtaa, na sheria nimeisoma kwa kulazimika. Nitakayowaambia leo yako kwenye maandishi ya umma, mtu yeyote anaweza kuyatafuta.

2.

Tuanze na Katiba. Kabla ya 2010, Kenya ingeweza kutia sahihi mkataba na kuuridhia, halafu ukakaa kabatini. Mpaka Bunge litunge sheria ya kuuleta nyumbani, ulikuwa hauna meno mengi kortini.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hilo. Kifungu cha 2(6) kinasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya chini ya Katiba hii. Hebu yashikeni hayo maneno ya mwisho: chini ya Katiba hii. Si juu yake, wala si sambamba nayo. Sheria yoyote inayopingana na Katiba ni batili kwa kiwango inachopingana nayo.

Mahakama ya Juu ilikuja kueleza zaidi Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu wakazi wa kijiji cha Mitumba kilichobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Kwa ufupi, sheria ya kimataifa inatumika Kenya pale inapofaa na pale ambapo haigongani na Katiba, sheria zetu ama uamuzi wa mwisho wa korti.

Kwa hivyo mtu akikuambia mkataba "umeipiku Katiba", mwambie akuonyeshe kifungu. Hatakipata.

3.

Jambo la pili ni majina. Kwenye mijadala watu huchanganya vitu vitatu, na ukivichanganya utadanganywa mchana kweupe.

Kuna mkataba. Nchi inatia sahihi, kisha inauridhia, kisha unaibana. Tangu 2012 Kenya ina sheria ya kutengeneza na kuridhia mikataba. Unapitia Baraza la Mawaziri, unaenda Bunge la Kitaifa, na wananchi wana haki ya kutoa maoni.

Kuna kanuni zinazotokana na mkataba. Mfano ni Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005, za Shirika la Afya Duniani, zilizoanza kufanya kazi Juni 2007. Zinabana nchi 196. Ile kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo msafiri huulizwa kwenye uwanja wa ndege, inatoka huko.

Halafu kuna azimio. Azimio ni ahadi ya kisiasa. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya. Hakuna korti itakayomfunga mtu kwa kukosa asilimia 15. Sasa angalieni mchezo: kiongozi akitaka kukwepa jambo anasema "mkataba umetulazimisha", lakini ukimkumbusha Abuja anasema "lile lilikuwa azimio tu". Anajua tofauti vizuri sana. Nasi tuijue.

4.

Sasa twende kwa dawa.

Januari 1995 Kenya ilikuwa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu siku ya kwanza. Ukiingia humo unaingia na mkataba unaoitwa TRIPS, unaohusu mali ya ubunifu. Mkataba huo unasema kila nchi itoe hataza kwa uvumbuzi, dawa zikiwemo, kwa angalau miaka 20. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza kitu chake bila ruhusa yake. Ndani ya miaka hiyo, mwenye dawa ndiye anayepanga bei.

Nchi maskini zaidi duniani zilipewa muda mrefu wa kujiandaa. Uganda, Tanzania, Rwanda na majirani wengine wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wako kwenye kundi hilo, na kwa upande wa dawa wana nafasi hadi 2033. Kenya haimo. Katika Jumuiya nzima, sisi peke yetu ndio hatuhesabiwi kama nchi maskini zaidi. Kwa hivyo TRIPS ilitubana mapema, kuanzia 2000.

Na 2000 ulikuwa mwaka gani? Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Ukimwi ulikuwa unamaliza ploti kwa ploti. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo, lakini kwa bei ya kampuni zenye hataza mgonjwa mmoja alihitaji zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Kwa pesa za wakati ule hiyo ni zaidi ya shilingi laki saba. Nani Makadara alikuwa na laki saba kila mwaka ya dawa peke yake?

Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba inaweza kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Dawa hizi huitwa jeneriki: kiungo ni kile kile, kazi ni ile ile, jina na kampuni ndivyo tofauti. India iliweza kwa sababu wakati ule sheria yake haikutoa hataza kwa dawa zenyewe.

5.

Swali likawa: je, Kenya inaruhusiwa kuleta dawa za bei nafuu bila kuvunja TRIPS?

Jibu ni ndiyo, na ndipo hoja ya "mikono imefungwa" inapoanza kupwaya. TRIPS yenyewe iliacha milango. Nchi inaweza kuagiza dawa halali kutoka soko lingine ambako ni rahisi. Serikali inaweza kutoa leseni ya lazima, yaani kumruhusu mtu mwingine atengeneze dawa hata kama mwenye hataza hataki, mradi alipwe fidia. Novemba 2001 huko Doha, mawaziri wa biashara wa dunia walitangaza kwamba TRIPS haizuii na haipaswi kuzuia nchi kulinda afya ya watu wake.

Lakini mlango wa TRIPS haujifungui wenyewe. Lazima Bunge lako liuandike kwenye sheria ya nyumbani. Kenya iliandika. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 iliweka nafasi ya kuagiza dawa kutoka nje, na katika kifungu cha 80 ikaipa serikali uwezo wa kutumia hataza kwa maslahi ya umma. Hilo halikutoka mbinguni. Watu wanaoishi na virusi, madaktari, mashirika ya kijamii na baadhi ya wabunge walilipigania.

Sasa sikizeni kilichotokea 2002. Ndani ya mswada wa marekebisho madogo madogo, ule unaobeba sheria nyingi kwa pamoja, kulipenyezwa maneno machache yaliyosema dawa iagizwe tu kwa idhini ya mwenye hataza. Maneno machache hivyo, na mlango ukafungwa. Wanaharakati wakagundua, wakapiga kelele, na mwaka huo huo maneno hayo yakaondolewa.

Jiulizeni: nani aliandika maneno yale? TRIPS haikuyataka, maana mkataba uliiachia kila nchi iamue. Yaliandikwa Nairobi, yakapitishwa Nairobi.

Sheria ile ikiwa imesimama, ilizaa matunda. Kampuni ya Cosmos, yenye kiwanda hapa Nairobi, iliomba leseni ya lazima ya kutengeneza dawa za virusi. Mwaka wa 2004 GlaxoSmithKline ikakubali kuipa leseni kwa hiari. Mwenye hataza akijua kwamba serikali inaweza kumlazimisha, hukubali kuketi mezani.

6.

Tufike 2008. Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Nia ilisikika njema. Nani anataka betri feki, soketi feki, dawa feki? Hakuna.

Shida ilikuwa kwenye kifungu cha 2, kile kinachoeleza maana ya "ghushi". Kilisema ni kutengeneza kitu bila idhini ya mwenye mali ya ubunifu, iwe haki hiyo iko Kenya "au kwingineko". Ukikisoma pole pole utaona kwamba dawa ya jeneriki, halali kabisa, iliyopimwa, ingeweza kuitwa ghushi kwa sababu tu mtu fulani ana hataza yake katika nchi nyingine. Vifungu vya 32 na 34 vikaongeza adhabu na uwezo wa kuizuia mpakani.

Kama unadhani hayo ni maneno ya makaratasi, kumbukeni yaliyotokea Ulaya wakati ule ule. Mapema 2009 maofisa wa forodha wa Uholanzi walizuia kwenye uwanja wa Schiphol shehena ya dawa za virusi. Zilikuwa zinatoka India kwenda Nigeria, zinapita tu, na walitumia kanuni ya forodha ya Umoja wa Ulaya. Sheria ya watu wa bara lingine ilisimamisha dawa ya mgonjwa wa Afrika ikiwa njiani. Hapo yule anayesema "wageni wanatuamulia" ana hoja, tumpe haki yake.

Lakini Kenya ilikuwa imeandika kitu kikali kuliko TRIPS. TRIPS inalazimisha hatua za mpakani na za jinai kwa alama za biashara za kughushi na nakala za wizi, si kwa mabishano ya hataza. Geneva haikutuomba hicho kifungu. Tulijifunga wenyewe.

7.

Watu watatu wanaoishi na virusi waliamua kwenda kortini. Kesi inajulikana kwa herufi, P.A.O. na wenzake wawili dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Ombi nambari 409 la 2009. Hawakuwa na kampuni nyuma yao. Walichokuwa nacho ni dawa wanazomeza kila siku, na hofu kwamba siku moja zitashikwa bandarini.

Aprili 2010 korti ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa vifungu vile kwa dawa za jeneriki. Miezi michache baadaye Katiba mpya ikaja, na kesi ikapata nguvu mpya: haki ya kuishi, haki ya heshima, na kifungu cha 43, haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa.

Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu. Alisema vifungu vya 2, 32 na 34 vinahatarisha haki hizo, kwamba maana ya "ghushi" ilikuwa pana mno hadi ikaimeza jeneriki, na kwamba haki ya mtu kuishi na kuwa na afya lazima itangulie mali ya ubunifu. Aliitaka serikali ikitazame upya kifungu cha 2.

Na alipima kwa kutumia nini? Katiba yetu kwanza. Halafu mikataba: ule wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, ambao Kenya iliuridhia 1972, na maelezo ya kamati ya Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya afya. Mwandishi maalum wa Umoja wa Mataifa wa haki ya afya aliruhusiwa kutoa maoni kwenye kesi.

Hapo ndipo hoja ya jukwaani inapogeuka chini juu. Sheria iliyotishia dawa zetu ilitungwa Nairobi. Sheria ya kimataifa, ikisaidiana na Katiba, ndiyo iliyompa mgonjwa fimbo ya kuizuia.

8.

Sitaki mtoke hapa mkidhani mikataba ni malaika. Hapana.

Moja, shinikizo lipo. Mwaka wa 1998 kampuni 39 za dawa ziliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria iliyofanana na yetu. Ziliiondoa kesi Aprili 2001, baada ya dunia nzima kupiga kelele. Nchi ndogo ikitumia haki zake inaweza kutishwa kibiashara.

Mbili, India ilibadilisha sheria yake 2005 ili kufuata TRIPS. Kwa dawa mpya, ule mfereji wa bei nafuu si mpana kama zamani.

Tatu, dawa feki zipo kweli, na zinaua. Lakini tofautisheni. Dawa feki inadanganya kuhusu ni nini ama imetoka wapi. Dawa duni haijafikia kiwango. Jeneriki ni halali na imepimwa, ni jina tu jingine. Kazi ya kupima ubora ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mzozo wa hataza ni mambo ya wafanyabiashara wawili, wapelekane kortini. Anayewaunganisha hawa watatu kwa neno moja la "ghushi", muulizeni analinda nani.

9.

Kijana mmoja hapa mbele ameniandikia swali: na je, ule mkataba mpya wa majanga, si Shirika la Afya Duniani litakuja kutufungia mitaani?

Mkataba wa majanga ya maradhi ulipitishwa Geneva Mei 2025. Nchi haibanwi nao kabla ya kuuridhia, na kwetu kuridhia kunapitia Bunge. Pia maandishi yake yanasema wazi kwamba hauipi sekretarieti ya shirika hilo uwezo wa kuiamuru nchi ifunge watu, ipige marufuku wasafiri ama ilazimishe chanjo.

Lakini hebu tukumbuke yaliyotupata. Machi 2020 kafyu ilipotangazwa, ilitangazwa na serikali ya Kenya kwa kutumia sheria ya Kenya. Mei 2020 Eastleigh ilipozibwa, watu wasiingie wala kutoka, amri ilitoka Nairobi kwa kutumia sheria ya Kenya ya afya ya umma. Polisi walioshika doria walikuwa wetu. Mwenye kinyongo na kipindi kile ana haki ya kuuliza maswali, lakini ayapeleke kwa mlango wenyewe. Ukiyapeleka Geneva, aliyetoa amri hapa analala usingizi mzuri.

10.

Kwa hivyo msimu wa siasa unakuja, tubebe maswali matatu.

La kwanza: ni mkataba, ni kanuni, ama ni azimio? Na Kenya imeuridhia ama imetia sahihi tu?

La pili: ni kifungu gani kinachotulazimisha? Kisome. Mara nyingi utakuta "nchi inaweza" mahali ambapo mwanasiasa amesema "nchi lazima".

La tatu: ni nani hapa nyumbani aliyepitisha, lini, na wananchi waliulizwa? Kama hawakuulizwa, hilo peke yake ni la kupeleka kortini.

Na msisahau la karibu zaidi. Vituo vya afya vya mtaa viko chini ya kaunti, hivyo ndivyo Jedwali la Nne la Katiba linavyosema. Kituo kikikosa dawa ya presha ambayo hataza yake iliisha zamani, hiyo si TRIPS. Hiyo ni bajeti, ununuzi na usambazaji. Anayekutajia Geneva hapo anakupoteza njia.

Mama mmoja aliniuliza wakati wa maswali, "Sasa mwanangu, tumlaumu nani?" Nilimjibu hivi: mama, anza na aliye karibu yako uliyempigia kura. Akisema amefungwa mikono, mwambie akuonyeshe kamba. Wale watatu wa 2009 waliambiwa sheria imeshapita na mambo yameisha. Walikataa, wakaomba waonyeshwe maandishi, na leo watu wengi wanameza dawa asubuhi bila kujua kwamba kuna siku ingeweza kuzuiwa.

Asanteni sana.

*Mwisho wa mazungumzo. Ukisikia mtu yeyote, wa upande wowote, akitaja mkataba kwenye mdahalo, leta hapa chini jina la mkataba na alichosema. Tutakitafuta kifungu tukisome pamoja. Majina ya watu na vyama yatafutwa, kama kawaida.*